Kuhama si Kuhamishwa

Mwandishi wa michezo wa Kiswahili ana neno moja linalombeba msimu mzima: usajili. Kijana akipandishwa kutoka timu ya vijana, amesajiliwa. Nyota akinunuliwa kwa dau nono, amesajiliwa. Aliyemaliza mkataba akaja bure, naye amesajiliwa. Neno hili tumelipata kwenye Kiarabu, na kiini chake ni cha kiofisi: jina la mtu limeingizwa daftarini. Halisemi nani alimfuata nani, nani aliomba, nani aliachwa akisubiri. Katika soka hatuoni upungufu huo, kwa sababu mambo mengine yote yamo ndani ya mkataba na dau.

Lakini kila ninapoandika habari za mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, neno hili hunipwaya. Huko hakuna chuo kinachomuuza mchezaji kwa chuo kingine. Kocha hupata watu kwa njia kuu mbili: amfuate kijana wa sekondari mpaka akubali kuja, au ampokee aliyekwisha kuchezea chuo kingine. Ukiziita zote mbili usajili, msomaji ataambiwa jina limefika daftarini. Safari ya jina hilo hataijua kamwe. Na utamu wa mchezo huo, pamoja na uchungu wake, umo katika safari.

Tuanze na njia ya kwanza. Ukilitafuta neno lake la Kiingereza kwenye kamusi, utaelekezwa kwenye kuajiri au kuandikisha. Kuandikisha kuna sauti ya kambi ya jeshi: vijana wamepanga foleni na karani ana kalamu mkononi. Kuajiri kuna ujira ndani yake. Ajira, ajiri na ujira ni ndugu wa tumbo moja. Sasa fikiria chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo, ambacho kwa miongo mingi kilimkataza mchezaji kupokea ujira wowote zaidi ya ufadhili wa masomo. Kusema kocha "ameajiri" kijana ilikuwa ni kusema hasa jambo ambalo sheria ililikana.

Neno linalokaribia ukweli tunalo nyumbani, nalo ni kuposa. Tazama taratibu zenyewe. Kocha hutuma salamu, husafiri mbali kumtazama kijana akicheza, kisha huja kuketi sebuleni na wazazi wake. Chuo humgharimia kijana ziara rasmi aje aone mabweni, ukumbi wa michezo na walimu. Washenga wapo: makocha wa timu za kiangazi, wajomba, marafiki wa familia. Kalenda ya NCAA ina vipindi ambavyo kocha haruhusiwi kuonana na kijana ana kwa ana. Mwishowe kijana hutoa neno lake, nalo ni ahadi ya mdomo tu, isiyomfunga yeyote. Kuanzia mwaka 1964 hadi 2024 ilikuwapo pia hati maalumu ya kutia saini, na kijana akishaitia, vyuo vingine vilipaswa kuacha kumfuata. Msomaji wa pwani haelezwi hili mara mbili: haifai kupeleka posa juu ya posa.

Ndivyo mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alivyofika Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, baada ya kusoma sekondari Houston. Kocha Jim Calhoun hakumnunua kwa mtu yeyote. Ilibidi kijana mwenyewe akubali. Alicheza misimu 3, na mwaka 2009 timu ya Memphis ya NBA ikamchagua akiwa wa 2 katika orodha nzima. Magazeti yetu yaliandika sana kuhusu kuchaguliwa huko, na ilikuwa haki yake. Ila kuchaguliwa ni kitenzi cha kutendwa, na miaka mitatu kabla yake kulikuwa na kukubali, kitenzi ambacho mtendaji wake alikuwa Thabeet mwenyewe. Kuposa kunatukumbusha hilo, kwa sababu posa bila jibu si kitu.

Njia ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kiingereza kina neno moja kwa chuo kinachomwachia mchezaji, kwa kinachompokea, na kwa mchezaji mwenyewe. Sisi tuna kitenzi kidogo, hama, na tazama kinavyozaa. Kuhama ni kuondoka ulipokuwa ukiishi. Kuhamia ni kufika utakapoishi. Kuhamisha ni kumwondoa mwingine. Kuhamishwa ni kuondolewa. Kuhamishiwa ni kuondolewa na kuambiwa pa kwenda. Kuhamahama ni kufanya hivyo tena na tena, kama mfugaji anayefuata malisho. Kitenzi kimoja, na kila kiambishi kinajibu swali lilelile: miguu ni ya nani, na uamuzi ni wa nani?

Katika magazeti tumezoea kusema "uhamisho". Neno hilo limetoka kwenye kuhamisha, yaani kuna mkono wa mtu mwingine ndani yake. Kila mtumishi wa umma anaujua mkono huo; ndio unaotia saini barua ya uhamisho inayomtoa mwalimu Songea na kumpeleka Kigoma. Kwa klabu ya soka inayomwachia mchezaji wake kwa dau, neno limekaa mahali pake. Kwa chuo cha Marekani, ukweli wa neno hilo umebadilika mwaka hadi mwaka, na unaweza kuisimulia historia yote kwa kubadilisha viambishi.

Kabla ya Oktoba 2018 mchezaji aliyetaka kuondoka alipaswa kwanza kuomba ruhusa kwa chuo chake ili makocha wengine wazungumze naye. Chuo kiliweza kukataa, au kukubali kwa masharti: nenda popote, isipokuwa kwa wapinzani wetu. Huo ulikuwa uhamisho kwelikweli. Na akishafika kwingine, kanuni ya mpira wa kikapu ilimtaka akae mwaka mzima akifanya mazoezi bila kucheza mechi. Nikiendelea na lugha ya ndoa, nitasema alisubiri talaka, kisha akakaa eda.

Tarehe 15 Oktoba 2018 NCAA ikafungua lango la kielektroniki. Mchezaji humjulisha mhusika chuoni kwamba anataka kuondoka, na chuo kina siku 2 za kazi kuliingiza jina lake langoni, ambako kocha wa chuo chochote anaweza kuliona. Haombi tena, anaarifu. Hapo uhamisho ukawa uhamaji. Mwaka 2021 eda ikaondolewa kwa anayehama mara ya kwanza. Mwaka 2024 ikaondolewa hata kwa aliyehama mara nyingi, mradi masomo yake yawe sawa. Hapo uhamaji ukaweza kuwa uhamahamaji.

Lango hilo linatufundisha jambo ambalo neno moja la Kiingereza linalificha. Anayeliingia amehama, lakini bado hajahamia. Ametoka nyumba moja akiwa hana ufunguo wa nyingine, na chuo alichokiaga kinaweza kumpa mtu mwingine nafasi yake ya ufadhili. Wapo wanaoliingia wakabaki humo bila kupata chuo. Habari ikisema "amefanya uhamisho", msomaji atadhani mtu huyo ana pa kulala. Ikisema "amehama", msomaji mwenye sikio la Kiswahili atauliza papo hapo: amehamia wapi?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi huko Katanga, jiji ambalo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mtaani. Alianza kuchezea West Virginia mwaka 2019. Mwanzoni mwa Januari 2021, msimu ukiwa katikati, akahama. Siku chache baadaye akahamia Kentucky. Msimu uliofuata alidaka mipira inayorudi kutoka kwenye kikapu kwa wastani wa 15.1 kila mechi, na mwaka 2022 akatunukiwa tuzo za mchezaji bora wa vyuo nchini kote. Hakuna aliyemhamisha. Mtu wa kwao Katanga angeisimulia habari yake kwa kitenzi cha kutenda, na angekuwa sahihi.

Liko neno jingine ambalo siwezi kulipita, kwa sababu limebeba mzigo kuliko yote. Katika miaka ya 1950 Walter Byers, aliyeiongoza NCAA, alisaidia kueneza msemo unaotafsirika kama "mwanafunzi mwanamichezo". Haukuwa msemo wa mapambo. Wakati huo wajane na majeruhi walikuwa wakidai mahakamani fidia wanayolipwa wafanyakazi, na jina hilo liliwekwa kuwa ngao: huyu si mfanyakazi, ni mwanafunzi. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo la Colorado ilimnyima fidia mjane wa mchezaji aliyefariki baada ya kuumia uwanjani. Byers mwenyewe alikuja kueleza katika kitabu chake cha 1995 jinsi msemo huo ulivyobuniwa na kwa nini. Anayedhani istilahi ni kazi ya wazee wa kamusi pekee naitazame habari ya mjane yule.

Tukiutafsiri neno kwa neno, tunaipa ngao hiyo chuma zaidi, kwani katika Kiswahili nomino ya kwanza ndiyo inayoshika hatamu. Mwanafunzi mwanamichezo ni mwanafunzi kwanza. La pili ni sifa yake tu. Ukigeuza, umegeuza kesi. Ndiyo maana mimi huandika "mchezaji wa chuo". Kile kihusishi kidogo "wa" kinasema anachofanya na mahali anapokifanyia, kisha kinaiachia sheria iamue mengine.

Na sheria imekuwa ikiamua. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake katika matangazo. Kiingereza hutaja vitu vitatu hapo, yaani jina, picha na sura. Sisi "sura" inatutosha kwa uso na kwa picha yake. Tshiebwe, akiwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, alizuiwa kufanya kazi hiyo ya matangazo akiwa ndani ya Marekani, hivyo timu ilipokwenda Bahamas mwaka 2022 aliifanyia huko. Tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja, katika mwaka wa kwanza. Ujira umeingia kupitia mlango wa mbele. Siku moja huenda tukalazimika kuandika "kuajiri" bila kusita, na siku hiyo ikifika tuandike, kwa sababu neno halina budi kufuata jambo.

Maneno madogo nitayataja kwa haraka. Mchezaji anayefanya mazoezi mwaka mzima bila kucheza ili asipoteze mwaka wake wa kustahili kucheza, Wamarekani humwita kwa shati jekundu. Husimuliwa kwamba mmoja wa Nebraska alivaa shati hilo lisilo na namba mwaka 1937. Kwetu shati jekundu halisemi kitu, lakini "mwaka wa akiba" unasema, na kila mtu anajua kuwa akiba haiozi. Anayecheza bila ufadhili namwita mchezaji wa kujigharimia. Anayekaa mwaka mmoja kisha kwenda NBA, kama Anthony Davis aliyeipa Kentucky ubingwa wa 2012 na kuondoka, namwita mpita njia.

Limebaki neno la kikosi chenyewe. Waandishi wetu husema kocha "anasuka kikosi", na sijui kama wanatambua walivyobahatika. Mwaka 1891, huko Springfield, Massachusetts, James Naismith alitundika vikapu vya mapichi kwenye roshani ya ukumbi na mchezo ukapata jina. Kikapu nacho husukwa: miyaa hupishana, huu juu na ule chini, hadi ukili uwe mrefu wa kushonwa. Hakuna uzi mmoja unaojitosheleza.

Connecticut, chuo kilekile cha Thabeet, kiliposhinda ubingwa tarehe 8 Aprili 2024 kwa kuilaza Purdue 75 kwa 60, watano walioanza mechi walikuwa miyaa ya aina mbalimbali. Tristen Newton alihamia kutoka East Carolina. Cam Spencer alikuwa katika chuo chake cha tatu, baada ya Loyola ya Maryland na Rutgers. Kuhamahama kulimpa ubingwa. Stephon Castle aliposwa akiwa sekondari Georgia, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Donovan Clingan, mrefu aliyesimama pale aliposimama Thabeet, alikuwa mtoto wa jimbo hilohilo, kutoka Bristol. Alex Karaban alikulia Massachusetts, naye pia aliposwa na Connecticut.

Miezi michache baadaye Newton na Spencer walikuwa wamemaliza miaka yao ya kustahili, Castle na Clingan wamekwenda NBA. Kocha Dan Hurley hakukifumua kikosi kile, kilifumuka. Kati ya watano hao Karaban peke yake alirudi, na kusuka kukaanza upya kutokea kwake. Kila majira ya kuchipua, makocha wote wa vyuo hufanya kazi hiyo hiyo, na tangu lango lilipofunguliwa huifanya wakijua kwamba kila uzi una miguu yake.

Kwa hiyo, msimu ujao nitakapoandika habari ya kijana anayekiaga chuo chake, sitaandika kwamba amehamishwa. Nitaandika: amehama. Nitasubiri pamoja naye. Na siku akipata pa kwenda, nitaongeza irabu moja.