William Smith watatu wa mwaka 1819

Februari 1819, nahodha Mwingereza William Smith alikuwa akiizunguka Cape Horn kuelekea Valparaíso. Kukwepa upepo wa mbisho, alikata kusini zaidi ya njia iliyozoeleka, na huko akaona nchi kavu isiyokuwamo katika ramani yoyote. Alipofika Chile, afisa wa jeshi la majini la Uingereza hakumsadiki. Oktoba alirudi na merikebu yake ileile, Williams, akashuka pwani na kuitangaza nchi hiyo kuwa ya Mfalme George III. Ndivyo dunia ilivyovijua visiwa vya South Shetland, kwenye mlango wa Antaktika.

Katikati ya safari hizo mbili, mwezi Juni, William Smith mwingine alitiwa katika gereza la wadaiwa la King's Bench, London. Huyu hakuwa na undugu na nahodha. Alikuwa mtoto wa mhunzi wa Churchill, Oxfordshire, mpimaji ardhi ambaye hakupitia chuo kikuu. Akisimamia uchimbaji wa mfereji wa makaa ya mawe huko Somerset, aligundua kwamba matabaka ya miamba hufuatana kwa mpangilio uleule, na kwamba kila tabaka lina visukuku vyake. Kwa hiyo, ukiokota kisukuku unaweza kujua umesimama juu ya tabaka gani. Alitembea Uingereza miaka mingi akikusanya ushahidi, na mwaka 1815 akatoa ramani yenye urefu wa zaidi ya mita 2.5, iliyopakwa rangi kwa mkono. Haikuwahi kutokea ramani ya jiolojia ya nchi nzima yenye undani kama huo.

Malipo yake yanauma hata leo. Jumuiya ya Jiolojia ya London, iliyojaa mabwana wenye mali, haikumkaribisha uanachama. Mwaka 1820 ikatoa ramani yake yenyewe, iliyoegemea sana kazi ya Smith, na kuiuza kwa bei ya chini. Yeye alikuwa ameshauza visukuku vyake kwa Makumbusho ya Uingereza kupunguza madeni, na bado hayakwisha. Alipofunguliwa alikwenda kaskazini, akaishi kwa vibarua vya upimaji. Jumuiya hiyohiyo ilimkumbuka mwaka 1831, ikampa nishani ya Wollaston, naye akiwa mtu wa kwanza kabisa kuipokea. Wenzake walikuwa wamezoea kumwita Smith wa Matabaka.

Bungeni, mwaka huohuo wa 1819, alikuwamo William Smith wa tatu, mbunge wa Norwich na rafiki wa William Wilberforce katika kupinga biashara ya utumwa. Aliishi kuiona sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza. Wengi humtaja kwa ajili ya mjukuu wake tu, Florence Nightingale.

Kwa maoni yangu, nahodha ndiye aliyesahauliwa zaidi. Wawindaji wa sili walivamia visiwa alivyovitangaza, na katika miaka michache wanyama hao wakakaribia kwisha. Faida ilikwenda kwa wengine. Aliiomba serikali fidia, akanyimwa, na mwaka 1847 alifariki katika nyumba ya hisani. Kisiwa kimoja cha South Shetland kinaitwa Smith kwa heshima yake, ila ramani haisemi ni Smith yupi.