Washirazi: Je, Wazee wa Pwani Walikuwa Mashia?



Ndugu msomaji, jioni ya leo ukifungua saumu, uwe Mashuuru, Kitengela au Kajiado mjini, hebu iangalie sinia ya futari. Ile sambusa jina lake asili yake ni Kifarsi. Pilau pia. Ukitoka jikoni ukaenda baharini utakuta bandari na nahodha, ukirudi shambani utakuta bustani na pamba. Yote hayo tumeyapata kwa watu wa Uajemi, yaani Iran ya leo. Basi vijana wakikaa barazani baada ya tarawehe swali huzuka: kama Uajemi umetufikia mpaka kwenye sinia, na Iran ni nchi ya Kishia, je, Washirazi waliojenga miji ya pwani walikuwa Mashia? Wapo wanaoitikia kwa kujivuna. Wapo wanaokataa kwa hasira, ati hakuna Mwajemi aliyewahi kukanyaga pwani hii. Wote wana haraka.

Tuanze na hadithi yenyewe. Tarikh ya Kilwa inasimulia kuwa mtawala wa Shiraz na wanawe walisafiri kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake, na aliyefika Kilwa akakinunua kisiwa kwa nguo. Mfalme huyo wa kwanza anajulikana kwa jina la Ali bin Hassan. Mwanahistoria Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa, aliandika mwaka 1965 kwamba Washirazi hawakuja moja kwa moja kutoka Uajemi. Kwa maoni yake, walikuwa watu waliokwisha kaa Banadir, pwani ya Somalia, kisha wakateremka Kilwa mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear wakaenda mbali zaidi: lugha yetu ni ya Kibantu tangu mizizi, na ushirazi kwa sehemu kubwa ni nasaba ya kujipa heshima.

Lakini ardhi nayo ina maneno yake. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zimo za Ali bin Hassan. Dinari za dhahabu zilizokuwa pamoja nazo hazivuki mwaka 1066. Kwa hiyo huyo mfalme ni wa karne ya 11, kabla ya tarehe ya Chittick kwa miaka mia na zaidi.

Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likatoa uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Wengi wa hao wa pwani zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na hiyo imepitia zaidi kwa akina mama. Upande wa Asia, asilimia 80 hadi 90 imetoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Asili ya Kiarabu iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500. Naam, wazee hawakutunga! Ila angalia pia kwamba wengi katika hao walizikwa kwenye makaburi ya watu wenye cheo, hivyo tusiwahukumu kwayo Waswahili wote. Na Makwasinyi, kule bara Taita Taveta, waliochunguzwa karibu asili yao yote ni ya Kiafrika. Basi kijana wa Kimasai aliyesilimu mwaka jana asije akaambiwa kuwa nasaba yake haijafika. Atakayemwambia hivyo akasome Suratul Hujurat, aya ya 13.

Sasa turudi kwenye madhehebu. Hapa ndipo wengi wetu hukosea hesabu ya miaka. Uajemi ulifanywa rasmi dola ya Kishia Ithnaashari mwaka 1501, Shah Ismail alipotangaza hivyo mjini Tabriz. Hiyo ni karne tano baada ya Washirazi kuanza kuoa pwani! Kabla ya hapo Mashia walikuwepo, tena watawala wa Kibuwayhi walioketi Shiraz katika karne ya 10 walikuwa wa upande huo. Lakini raia wengi walikuwa Masunni. Imam Muslim ni mtu wa Nishapur. Abu Ishaq Shirazi, aliyefariki mwaka 1083 na ambaye kitabu chake Al-Muhadhab ni nguzo ya fiqhi ya Kishafi, alizaliwa karibu na Shiraz.

Ibn Batuta alipita Shiraz mwaka 1327. Anasimulia kuwa Sultan Muhammad Khudabanda alipotaka kuwalazimisha watu Ushia, watu wa Shiraz walikataa, na kadhi wao Majdud-Din akatupiwa mbwa wakali, mbwa wakamtikisia mikia. Miaka minne baadaye, 1331, msafiri huyohuyo akafika Mombasa na Kilwa, akawakuta watu ni Mashafi.

Inawezekana baadhi ya waliokuja zamani walikuwa Mashia. Hata Mreno Barros, alipoandika habari za pwani mwaka 1552, alitaja wafuasi wa Zaid waliotangulia. Lakini ndugu zetu Makhoja Ithnaasheri walitoka Kutch na Gujarat, India, zaidi katika karne ya 19, na wengi wa Waafrika Mashia wameingia tangu miaka ya 1960 kwa kazi ya Bilal Muslim Mission. Hao hawatokani na majahazi saba.

Kilichobaki cha Uajemi wa kale ukitafute kwingine. Makunduchi, Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai, na manahodha wa zamani walihesabu miongo ya pepo kuanzia siku ya Nairuzi, ili wajue lini kusi itatulia na lini waitie nanga.