Wakili wa Taifa

Wahenga walisema kwamba mnyonge hana haki. Maisha ya Alimardan bey Topchubashov yalikuwa hoja ndefu ya kuupinga usemi huo.

Alizaliwa Tiflis katika miaka ya 1860, wakati nchi za Kaukazi zilipokuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg, akahitimu mwaka 1888. Kufundisha chuoni humo kulikuwa na sharti moja kwake: aache Uislamu, aingie Ukristo. Alikataa, akarudi kwao. Baadaye alikaa Baku, mji wa mafuta, akifanya uwakili, na tangu 1898 akawa mhariri wa gazeti la Kaspi.

Mwaka 1906 alichaguliwa mjumbe wa Duma, bunge la kwanza la Urusi. Kaisari alipolivunja, Topchubashov alitia sahihi tangazo la Vyborg, lililowahimiza raia wasilipe kodi wala wasitoe askari. Malipo yake yalikuwa kifungo cha miezi 3 na kunyimwa haki ya kuchaguliwa tena.

Tarehe 28 Mei 1918 Azerbaijan ilijitangaza jamhuri. Desemba mwaka huo bunge la Baku lilimchagua kuwa spika naye hayupo, likamkabidhi ujumbe wa kwenda Paris, kwenye mkutano wa amani. Huko, Mei 1919, aliiweka kesi ya taifa lake mbele ya Rais Wilson wa Marekani. Wilson alijibu kwamba hawakutaka kuigawa dunia vipande vidogo vidogo. Heri watu wa Kaukazi waungane.

Januari 1920 mataifa makubwa yaliikubali serikali ya Azerbaijan kuwa ipo, pasipo kukamilisha utambuzi wa kisheria. Hoja zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba majeshi ya Denikin yalikuwa yameshindwa, na Wabolsheviki walikuwa wakisonga kusini. Haki ya mnyonge ilisikika pale ilipokutana na hofu ya wenye nguvu. Aprili mwaka ule ule Jeshi Jekundu liliingia Baku, na jamhuri ikaanguka.

Topchubashov hakuifunga kesi. Alibaki Ufaransa akiandika na kudai, mpaka alipofariki mwaka 1934, akazikwa Saint-Cloud. Tarehe 18 Oktoba 1991, bunge la Azerbaijan lilipothibitisha uhuru, lilitamka kwamba nchi hiyo ni mrithi wa jamhuri ya 1918. Wakili alikuwa amekufa zamani. Dai lake lilikuwa hai.