UZI: Maoni tulitoa. Bajeti iko wapi?

Kila mjadala wa haki za binadamu ukipamba moto huku mtandaoni, mmoja anasema "wananchi hawakuhusishwa", mwingine anajibu "maoni yalichukuliwa". Wote huwa na ushahidi! Tuangalie historia kidogo, tukianzia Wamagana, pale Tetu.

Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyolindwa, ile wazee wanaita gichagi. Baraza wakati huo lilikuwa la kusikiliza amri. Huulizwi kitu.

Ruka hadi 2002. Tume ya kurekebisha katiba ilizunguka maeneo bunge yote 210, Tetu ikiwemo, ikiuliza watu wanataka nini. Hiyo safari ndefu ilituletea Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 kinasema ushirikishaji wa wananchi ni msingi wa utawala, na cha 43 kinataja afya, maji safi, chakula, makazi na elimu kuwa haki.

Sasa, mpango wenyewe wa taifa. Mkutano wa Vienna wa 1993 ulishauri kila nchi iandike mpango wa haki za binadamu. Wetu ulipita Bungeni Desemba 2015. Miaka 22 baadaye! Lakini sera kupitishwa ni jambo moja, kupata laini kwenye bajeti ni jambo lingine kabisa, na hapo ndipo tunachezwa.

Mfano unaouma ni Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilipokea taarifa zaidi ya 40,000. Watu walisimulia mauaji, mateso, mashamba kunyang'anywa. Huwezi kusema hawakuhusishwa. Ripoti ikatoka Mei 2013. Machi 2015 ikatangazwa hazina ya shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Halafu kanuni za kuisimamia zikakwama miaka na miaka, na bila kanuni hakuna wa kulipwa.

Linganisha na kesi ya Mau Mau kule London. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Kidogo sana kwa yaliyofanyika, na maelfu waliachwa nje. Lakini kulikuwa na orodha, kiasi, na mtu wa kushtaki.

Na si ati hapa nyumbani hatuna silaha. Soma kifungu cha 20(5): serikali ikidai haina rasilmali za kutimiza haki za kifungu cha 43, ni jukumu lake kuonyesha kwamba hazipo. Si wewe uthibitishe zipo. Hii hoja sijui kwa nini haitumiki zaidi kwenye vikao.

Shida nyingine ni ratiba. Kikao cha haki hujaa, cha bajeti kinabaki na viti. Na kaunti ina tarehe zake kisheria: mpango wa mwaka 1 Septemba, karatasi ya mikakati ya fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Ukienda Juni kuomba maji ya Wamagana, viwango vya kila idara vilishawekwa Februari.