Barafu Yako Inanuka Omena? Cheki Vile Utairekebisha Bila Kuita Fundi

Umealika wasee kwa keja, soda iko, glasi ziko, halafu mmoja anaonja na kuuliza kama umemwekea supu ya samaki. Hapo usilaumu soda. Ni barafu.

Barafu hushika harufu haraka sana. Omena, kitunguu kilichokatwa na nyama ya juzi vikikaa wazi kwa friji, harufu yake huzunguka na hewa hadi ikaingia kwa trei. Barafu iliyokaa wiki tatu ndiyo noma zaidi. Kwa hivyo anza kwa kumwaga yote, usiihurumie. Osha trei na maji moto na sabuni, funika chakula, kisha acha kibakuli cha baking soda wazi humo ndani, inavuta harufu.

Bado? Shuku maji. Jaza glasi na yale maji unagandisha, onja kabla hayajaingia kwa friza. Yakinuka kama swimming pool, hiyo ni klorini: yachemshe, ama yaache usiku kucha kwa sufuria iliyo wazi, itapungua. Yakinuka udongo, mwambie keateka tangi la ploti linataka kuoshwa. Maji ya chumvi ya borehole nayo hata uchemshe mara kumi hayabadiliki, nunua ya kunywa.

Na kuna kitu watu hawajui: kugandisha maji hakuui vijidudu. Kipindupindu kinaweza kukufikia kupitia barafu ya maji machafu. Chemsha kwanza, poza, ndio ugandishe.

Kama uko na ile mashine ndogo ya barafu, kosa kubwa ni kuacha maji ndani siku nzima hadi utelezi ushike kuta. Chomoa plagi, mwaga maji, futa ndani na siki nyeupe iliyochanganywa na maji, suuza vizuri. Tengeneza raundi mbili za barafu na uzitupe. Ukimaliza matumizi, iache kavu na kifuniko wazi. Friji yenye filta, nyingi huhitaji mpya kila miezi 6.

Usiwahi kuchanganya siki na jiki, hata kama uchafu umekataa kutoka. Inatoa gesi ya klorini, na hiyo inachoma mapafu, hasa kwa kale kajikoni kasikokuwa na dirisha.

Stima ikipotea na ukute barafu imeshikana kuwa donge moja karibu na nyama iliyochuruzika, tupa tu.