Pumba kama chakula cha bata wa nyama

Pumba ni mabaki ya kukoboa nafaka yanayotumika kulisha mifugo. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita hutoka kwenye mashine za mpunga, unaolimwa sana kwenye majaluba, na za mahindi. Bata wanaofugwa vijijini Tanzania wengi ni wa aina ya Muscovy (*Cairina moschata*).

Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za maganda na kilo 8 hadi 10 za pumba laini. Maganda yana silika nyingi na hayalishi. Pumba laini zina protini ya asilimia 12 hadi 15, mafuta na niasini, vitamini ambayo bata huihitaji kuliko kuku. Mashine ndogo huchanganya maganda na pumba, hivyo ni lazima kuchekecha.

Vifaranga huhitaji protini ya takriban asilimia 20. Kwa hiyo pumba na chenga za mchele huongezewa dagaa wa Ziwa Victoria au mashudu ya alizeti. Mashudu ya pamba yawe kidogo, kwa kuwa yana sumu ya gosipoli.

Pumba za mpunga huchacha upesi kwa sababu ya mafuta yake. Zikipata unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na bata huathirika nayo kuliko kuku. Aidha, kwenye machimbo ya dhahabu ya mikoa hiyo, bata wasiachwe kujilisha kwenye madimbwi ya kuoshea mchanga, kwani zebaki inayotumika kunasia dhahabu huingia katika nyama yao.