Ada za wakala wa nyumba: sheria mbili, mantiki mbili

Kwa nyinyi mnaoishi nyumba za kupanga, hebu leo tuone jinsi Uingereza ilivyohangaika na ada za mawakala.

Mwaka 1953 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kumzuia wakala kutoza pesa kwa kumwandikisha tu mtafuta nyumba, au kwa kumpa anwani za nyumba zilizo wazi. Vizuri, sivyo? Lakini sheria ilikataza hayo tu. Mawakala wakaja na majina mengine: ada ya kuandika mkataba, ya kuchunguza rekodi za mpangaji, ya kurefusha mkataba. Aliyemchagua wakala ni mwenye nyumba, aliyelipa ni mpangaji. Wala hangeweza kutafuta wakala wa bei nafuu, maana nyumba aliyoitaka iko kwa huyo huyo.

Sisi waandishi wa programu tunaijua kasoro hii. Ukiorodhesha vya kuzuia, chochote kipya kitapita. Dawa ni kugeuza: zuia vyote, kisha orodhesha vinavyoruhusiwa.

Ndivyo England ilivyofanya kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kila malipo ni marufuku isipokuwa yaliyotajwa, k.m. kodi yenyewe, na dipoziti ambayo kwa nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki 5. Wakala akikaidi, kosa la kwanza faini hufika paundi 5,000.

Kwa hivyo siku wabunge wetu watakapoamua kushughulikia ile pesa ya kuonyeshwa nyumba hapa Nairobi, wasianzie 1953. Waanzie 2019.